Zamadamu walisimama kwanza, ubongo ukakua baadaye

Ndugu Mhariri,

Habari ya asili ya binadamu ikichapishwa, mara nyingi huambatana na ule mchoro wa sokwe anayenyooka hatua kwa hatua hadi kuwa mtu mwenye mkuki. Naomba gazeti lako liuache. Kwanza, hatukutokana na sokwe wa leo. Sisi na yeye tumetoka kwa wahenga wamoja waliokwisha kutoweka. Lakini kosa zito zaidi ni kuonyesha mgongo ukinyooka huku kichwa kikikua, kana kwamba akili ndiyo iliyotuinua.

Mifupa inakataa. Lucy, zamadamu (jamaa wa kale wa binadamu) ambaye mifupa yake ilifukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, aliishi miaka milioni 3.2 hivi iliyopita. Kimo chake kilikaribia mita 1.1, na ubongo wa jamii yake ulikuwa kama theluthi ya wetu. Hata hivyo alitembea wima, na ushahidi uko kwenye paja. Mfupa wa paja wa sokwe hushuka wima, hivyo akitembea kwa miguu miwili huyumba huku na huku. Wa Lucy, kama wetu, umeinama kwa ndani kutoka nyonga hadi goti, na wayo hutua karibu na katikati ya mwili. Nyonga yake nayo ni fupi na pana, imegeukia pembeni, mahali ambapo misuli huzuia kiuno kisiinamie upande wa mguu ulioinuliwa. Hata leo, misuli hiyo ikilegea mtu huchechemea.

Kisha kuna nyayo za zamadamu za Laetoli, Tanzania, zilizofukuliwa na kikosi cha mtafiti Mary Leakey mwaka 1978. Zina miaka milioni 3.66. Kisigino kimezama vizuri kwenye majivu ya volkeno, na kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3 tu! Yaani kutembea wima kulitangulia hata zana hizo.

Wala safari haikuwa mstari mmoja. Ardi, zamadamu mwingine wa Ethiopia, wa miaka milioni 4.4, alitembea wima ardhini ilhali kidole gumba cha mguu wake kilikaa pembeni, cha kushikia matawi. Lucy mwenyewe alikuwa na vidole vya mkono vilivyopinda.

Badala ya mchoro ule, chapisheni mti wenye matawi mengi, na kando ya kila fuvu muandike mahali lilipopatikana, umri wake na ujazo wa ubongo.

Msomaji wenu