Usiache Kufundisha, Ndugu Yangu

Kisauni, Mombasa
14 Julai

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima. Mama bado anasumbuliwa na miguu, lakini ibada haikosi. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa barua yako ilinitia simanzi, nami sikutaka kushika kalamu kabla sijaitafakari.

Unasema umekusudia kuacha uhadhiri ili umtumikie Mungu, kwani huoni tena uchumi unaoufundisha unahusiana vipi na Injili. Nakusihi usiache, au walau usiache kwa sababu hiyo.

Unamkumbuka Padre Moses Coady, ambaye mwalimu wetu hakuchoka kumtaja? Alizaliwa 1882 huko Nova Scotia, Kanada, akawa kasisi na mwalimu katika Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, na kuanzia 1928 akaongoza idara iliyotoa elimu nje ya kuta za chuo, kwa wavuvi, wakulima na wachimba makaa. Watu walikutana katika vikundi vidogo vya kujisomea, wakachunguza wenyewe kwa nini jasho lao linanufaisha wengine, na humo vikazaliwa vyama vya ushirika na vya akiba na mikopo. Hakuona lazima aache altare ili afundishe, wala aache kufundisha ili awe kasisi. Alifariki 1959.

Nami hayo nayaona hapa kwetu dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki, ninakoshinda Jumamosi na kikundi chao. Mvuvi hupewa nyavu na tajiri, kisha samaki wote huenda kwa tajiri huyo kwa bei anayoitaka yeye. Tulifungua daftari tukapiga hesabu: tuseme bei hiyo iko chini ya bei ya soko kwa shilingi 50 kwa kilo, na mvuvi analeta kilo 10 kwa siku, kwa siku 20 za mwezi, basi shilingi 10,000 zinampotea kila mwezi, na deni la nyavu liko palepale. Mzee mmoja aliiomba kalamu, akazidisha upya polepole, akapata jibu lilelile, akaniuliza mbona hakuna aliyewahi kumwonyesha hesabu hiyo. Sikuwa na la kumjibu. Maombi wanaombewa, msikitini na kanisani, na ni vyema. Lakini hesabu ile ilimhitaji mtu aliyesoma ulichosoma wewe.

Tulipofikia mikopo ya mfuko wa kikundi, wazee, ambao wengi wao ni Waislamu, walikataa riba katakata. Nikawasomea katika Kutoka na Walawi, ambako nako watu wa Mungu wanakatazwa kumtoza riba ndugu yao maskini, na mjadala ukaishia hapo. Tukakubaliana kwamba ada ya uanachama igharimie mizani na madaftari, na mkopo urudi kama ulivyotoka. Ndugu yangu, sijui darasa gani la theolojia lingenifundisha maandiko hayo vizuri kuliko kikao kile.

Sasa nimekwama, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Huu ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, ngalawa nyingi zimepandishwa pwani, na wakati huu ndio madeni huingia majumbani. Mfuko wetu hautozi riba, ilhali bei ya nyavu inapanda. Fedha inayorudi shilingi kwa shilingi hainunui tena wavu uleule. Hilo ni somo lako hasa, mfumuko wa bei, ambalo unasema halina uhusiano na Injili.

Je, unaonaje tukiweka akiba kwa nyavu zenyewe badala ya fedha? Au mkopo upimwe kwa bei ya wavu, na wazee hawatasema hiyo nayo ni riba? Wanafunzi wako wa mwaka wa mwisho hawawezi kuifanya kazi hii iwe utafiti wao? Shemeji anasemaje kuhusu uamuzi wako? Barua ya kujiuzulu umeshaipeleka, au bado iko mezani? Kama iko mezani, waweza kuiacha hapo hadi kaskazi ianze, uje ukae nasi dikoni wiki moja?

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Wako katika Kristo,
Ndugu yako wa Kisauni