Majimoto ya Kitagata yasifungiwe wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi madereva wa magari ya abiria katika barabara za magharibi mwa Uganda tunaliona kwa macho yetu, nalo ni safari za wananchi kwenda kwenye chemchemi za majimoto, wengine kwa matembezi na wengine kwa kutafuta nafuu ya maradhi. Kila yanapotajwa maendeleo ya sehemu hizo, nasikia abiria na wafanyabiashara wakirudia maneno yale yale: ijengwe hoteli, bwawa lizungushiwe ukuta, kiingilio kipandishwe. Sipingi uwekezaji. Ninachopinga ni kuzitazama chemchemi zote kana kwamba ni kitu kimoja, na zaidi ya hapo napinga mpango wowote utakaomwacha mgonjwa maskini nje ya maji ya Kitagata.

Kitagata, katika wilaya ya Sheema, ina mabwawa mawili. Moja huitwa Ekyomugabe, kwa kuwa ndilo lililotumiwa na Omugabe, mfalme wa Ankole. La pili watu wamelipa jina la Mulago, ile hospitali kuu ya rufaa iliyoko Kampala. Hapo Mulago huwaoni watu wa kuogelea na kupiga picha tu. Utawaona wazee wamekaa ukingoni, miguu imo majini hadi magotini, wakijimwagia maji mabegani kwa vikombe vya plastiki, na pembeni jamaa zao wamewawekea nguo kavu na chakula. Kuna bibi mmoja niliyempeleka huko, ambaye wajukuu wake walimteremsha garini kwa kumshika mikono. Jioni, wakati wa kurudi, nilimuuliza hali yake, naye akanijibu, "Maumivu hayajaondoka, mwanangu, lakini leo nitalala." Jibu hilo nililiona la kweli kuliko sifa zote ninazozisikia kuhusu maji haya, maana joto hulegeza misuli na kupanua mishipa ya damu, na mwili unapokuwa majini viungo hupunguziwa mzigo. Hiyo ni nafuu halisi kwa mwenye baridi yabisi, ingawa si tiba ya kuufuta ugonjwa wenyewe, na dawa za hospitali zisiachwe kwa sababu yake.

Yako pia mambo ambayo msafiri anapaswa kuambiwa kabla hajavua nguo, na mara nyingi haambiwi. Maji yakizidi takriban nyuzi 40 za Selsiasi si ya kukaa ndani kwa muda mrefu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye matatizo ya shinikizo la damu na mama mjamzito wapate kwanza ushauri wa daktari. Mwenye kidonda kibichi asiingie, kwa faida yake na ya wenzake. Na kichwa kisizamishwe, kwa sababu katika maji ya uvuguvugu huweza kuishi vijidudu ambavyo, vikipita puani, hushambulia ubongo. Ni nadra, lakini vikimpata mtu ni vigumu kumwokoa. Kuhusu kuyanywa, majimoto ya Bonde la Ufa mara nyingi hubeba madini mengi, floridi ikiwa mojawapo, kwa hiyo naona ni heri mgeni aje na maji yake ya kunywa.

Sempaya, katika Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, ni habari nyingine kabisa. Pale mvua inayonyesha milimani huzama chini sana kupitia nyufa za ardhi, ikapata joto la miamba, kisha ikarudi juu ikiwa karibu kabisa na kuchemka. Wageni huonyeshwa yai likiivishwa ndani ya maji yale, na wenyeji huzitofautisha chemchemi ya kike na ya kiume, na wana mila zao za kuziheshimu. Maji yanayoivisha yai yatamuunguza mtoto anayeachwa kukimbia ovyo. Anayeshauri kujengwa bafu la kitalii mahali kama pale, nadhani hajawahi kusimama kando ya mvuke wake.

Kibiro nako, kwenye ufuo wa Ziwa Albert katika wilaya ya Hoima, majimoto ni kazi ya wanawake. Maji yenye chumvi hupenya kwenye udongo. Wanawake hutandaza udongo mkavu juu yake ili ufyonze chumvi, jua likishaukausha huukwangua, huuweka katika chombo chenye matundu na kuumwagia maji, na yale yanayochuruzika huchemshwa motoni hadi ibaki chumvi. Udongo ule ule hurudishwa kutandazwa tena. Mashamba hayo ya chumvi hurithiwa kutoka kwa mama hadi kwa binti, na tangu mwaka 1997 kijiji hicho kimo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Uganda inayapendekeza kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mtalii aende Kibiro, aulize, anunue chumvi, lakini asikanyage udongo uliotandazwa, kwani hapo ndipo mtu anapopatia ada ya shule.

Wanaotaka mabwawa ya kisasa hutoa mfano wa Olkaria nchini Kenya, ambako bwawa la kuogea lilifunguliwa mwaka 2013. Mfano huo ni mzuri, ila wasisahau kwamba maji ya pale hutoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa kwa ajili ya umeme wa jotoardhi. Kitagata ni chemchemi ya asili, na chemchemi ya asili inaweza kuharibiwa. Huko Wairakei, New Zealand, kiwanda cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1958 kilifuatiwa na kufa kwa chemchemi zilizokuwa zikirusha maji juu katika bonde la jirani. Kwa hiyo asiruhusiwe mtu yeyote kumwaga saruji kwenye mdomo wa chemchemi wala kuchimba karibu nayo kabla wataalamu wa jiolojia hawajapima.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo na halihitaji mwekezaji mkubwa. Penye watu wanaooga, pawe na vyumba vya kubadilishia nguo, vya wanaume mbali na vya wanawake. Vyoo viwe upande ambao uchafu hautateremkia majini. Joto lipimwe kila asubuhi na liandikwe ubaoni kwa Kinyankole, Kiswahili na Kiingereza pamoja na tahadhari nilizozitaja. Na kila mtu ajisafishe kwa maji ya kawaida kabla ya kuingia, kama wanavyofanya Wajapani katika mabafu yao ya majimoto. Kiingilio kikiwepo, mgonjwa asiye na uwezo asitozwe. Na akija mwekezaji wa hoteli, ajenge mbali kidogo, awavutie wageni wake kwa vyumba na chakula, na bwawa la Mulago libaki wazi kwa kila anayeshushwa garini kwa kushikwa mikono.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa magari ya abiria,
Mbarara