Shosti usiimwage hiyo wain

Shosti wangu, za masiku, watoto hawajambo? Picha ya wain yako ya rosela nimeiona nikaumia, rangi nzuri kabisa ila imevurugika kama maji ya mto masika, na unasema umeichuja kwa kitambaa mara nne. Acha kuchuja! Hamira ni ndogo mno, inapita kwenye kitambaa kama hakuna kitu, na kila ukimimina unaingiza hewa, hewa ndo inageuza wain kuwa siki.

Hebu niambie ukweli, rosela uliichemsha eeh? Rosela ina pektini, kile kitu kinachogandisha jamu, ukiichemsha sana inatoka yote inabaki kuelea. Mi siku hizi nachukua rosela kavu gramu 300 kwa lita 20, namwagia maji ya moto, nafunika inalala mpaka asubuhi, ndo nachuja mara moja tu, naweka sukari kilo 4, hiyo inakupa kilevi kama asilimia 11 inatosha, af hamira kijiko cha chai maji yakiwa vuguvugu, yakichoma kidole hamira imekufa. Mfuniko natoboa napitisha mpira mwembamba, ncha nyingine naizamisha kwenye chupa ya maji, mapovu yanatoka hewa haiingii.

Sasa hiyo yako, weka dumu juu ya meza na usiliguse wiki mbili, hata kulitikisa usitikise. Machicha yakishakaa chini vuta kwa mpira kwenda dumu jingine, dumu la kupokea liwe chini sakafuni, na ncha ya juu isifike kwenye machicha, bora upoteze glasi mbili. Ikigoma tumia ute wa yai, kule Bordeaux, Ufaransa, wanakotengeneza wain, pipa la lita 225 wanaweka ute wa mayai manne mpaka sita, kwaiyo lita 20 zako ni nusu ya ute wa yai moja, koroga taratibu na chumvi kidogo bila kutoa povu, changanya, iache tena wiki. Mvurugiko wa pektini yai haliutoi, lakini hauharibu ladha, tutakunywa hivyohivyo.

Chupa usifunge mapovu yakiwa bado yanatoka, moja ilinipasukia kabatini usiku nikaokota vioo mpaka asubuhi.

Ukishahamisha nitumie picha ya machicha yaliyobaki chini ya dumu, hayo ndo nataka kuyaona.