Ng'ombe kachanjwa, mbuzi kachanjwa, nguruwe je?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Tokea kampeni ya kitaifa ya chanjo izinduliwe Bariadi Juni 2025 huku kwetu stori ni chanjo tu, ng'ombe anachomwa ya homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri, tena kwa ruzuku, hapo hongera zao kwa kweli. Sasa sisi wa kitimoto tumekosea wapi? Nguruwe nae ana mapafu jamani.

Wengi wanaijua homa ya nguruwe tu, ile inayofagia banda zima. Siongelei hiyo. Naongelea kikohozi kikavu cha asubuhi, unafungua banda wanainuka kuja kwenye chakula, mmoja anasimama kakunja mgongo anakohoa, mara na wenzie. Hawafi! Pumba wanakula vizuri ila hawanenepi, wa kwenda bucha miezi saba anafika miezi tisa bado mbavu unazihesabu, na hasara yenyewe haionekani maana hakuna mzoga wa kumuonyesha mtu.

Mara nyingi kinacholeta ni kimdudu kinaitwa maikoplazma, chanjo yake ipo miaka mingi, Ulaya na Marekani vitoto vinachomwa vikiwa na wiki tatu hivi. Huku ukienda duka la dawa za mifugo unaambiwa hiyo hatuna, chukua penisilini. Jirani yangu kachoma penisilini mpaka kachoka, kumbe hicho kimdudu hakina ule ukuta ambao penisilini inaubomoa, ni sawa na kuchoma maji.

Sisemi chanjo ni muujiza. Maambukizi haizuii moja kwa moja, inapunguza kikohozi na vidonda vya mapafu ili mnyama akue. Na wewe ambae banda lako mkojo umetuama mpaka ukiingia macho yanawasha, safisha kwanza kabla ya sindano, ile amonia inaharibu njia ya hewa. Wanaoachia nguruwe wazurure wakifukua nyungunyungu nao wajue kikohozi kinaweza kuwa minyoo ya mapafu tu, ndo maana kabla ya yote tunataka mtu wa kupima.

Wizara, siombi bure. Shida ni kwamba chupa inakuja na dozi nyingi, ikishatobolewa haikai, mimi vitoto ninavyo nane tu, halafu inataka nyuzi 2 mpaka 8 na ikiganda imeharibika, friji kijijini anayo nani na umeme wenyewe ndo huu? Afisa mifugo wa kata atuandikishe wafugaji wote, apange siku moja, aje nayo kwenye kiboksi cha baridi na tuchange hela ya chupa nzima. Hata kwa bei kamili tutalipa.

Mfugaji, Mbozi, Songwe