Barua kwa Hamad, kabla hujaondoka

Wete, Pemba

Mwanangu Hamad,

Assalaam alaykum. Mama yako kanisikilizisha sauti aliyotumiwa na mkeo: mmekodi gari la kulala, mnatoka Houston kwenda kwa Khatib huko Flagstaff, kisha nyote mteremke lile bonde la Grand Canyon kwa miguu. Nilikuwa nafurahi hadi aliposema, "Baridi ikizidi usiku tutawasha jiko la gesi tupate joto." Nakuandikia kwa sababu sauti utaisikiliza huku unakula.

Jiko la gari ni la kupikia tu, dirisha likiwa wazi na feni ya juu inavuta. Likiwaka ndani ya gari lililofungwa linamaliza hewa, na moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, moyo ukamchafuka, akadhani ni uchovu wa njia, akalala. Gesi ya mtungi ni jambo jengine: imetiwa harufu makusudi, ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Kwa hiyo kengele ya gesi hufungwa chini, na ya kaboni monoksaidi iwe karibu na mnapolala. Bonyeza kitufe cha kujaribia, lakini mlio usikutosheleze. Unakuonyesha umeme na king'ora, si kama kifaa bado kinanusa. Igeuze kengele, nyuma pana tarehe ya mwisho. Gari la kukodi limeshapita mikono mingi.

Utanijibu kuwa kuna hita. Ipo, na moshi wake hutoka nje kwa bomba lake (lichungulie, nyigu hupenda kujenga humo). Lakini hita inachoma gesi huku feni yake inakula betri. Watu huacha taa, wakachaji simu tatu, wakatazama mpira. Ikifika saa kumi ya alfajiri betri imelegea, feni imekata, mtoto analia kwa baridi. Hapo ndipo mtu mwenye akili zake huwasha jiko. Basi kazi yako ni ya jioni. Betri ya asidi iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6, ukiona 12.1 imebaki nusu, usiishushe zaidi. Huko Grand Canyon, kambi ya Mather haina umeme wa kuchomeka, kambi ya Trailer Village inao. Lipa hiyo tofauti. Jenereta isiwake mmelala, na mchana angalia upepo unapeleka wapi moshi, kwako na kwa jirani pia. Valvu ya mtungi ifungwe kabla ya gari kuondoka. Ukishuku panavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio, pakivuja patatoa mapovu. Usitafute kwa kiberiti.

Kuhusu kutembea, Khatib usimfuate mbio. Anaishi mita 2,100 juu ya bahari na mapafu yake yameshazoea. Wewe unatoka tambarare, na huku ulikokulia hakuna kilima kinachofika hata mita 150. Tena bonde lile ni kinyume cha mlima: unateremka ungali mpya, unapanda umechoka na jua liko utosini. Saa moja ya kuteremka ihesabie mbili za kurudi. Njia ya South Kaibab haina maji kabisa, na mwanzo wake haufikiki kwa gari lako, mtapanda basi la hifadhi. Fikeni Cedar Ridge, kilomita 2.4, mtakuwa mmeshuka mita 340. Panatosha. Kila mtu lita mbili hadi tatu, na karanga za chumvi, kwani maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu, mtu akatapika na kuchanganyikiwa. Khatib akitaka mfike mtoni, chini kabisa ya bonde, na kurudi siku ile ile, mkatalie. Unamjua mwenyewe.

Nashukuru hamkusahauliana. Ila picha ya gari umemtumia yeye kabla yetu.

Mkirudi mtakuwa hoi, na hoi ndiye anayesema "jiko kidogo tu." Hakuna kidogo. Na usinambie kuwa ulipozaliwa jiko la mkaa lilikuwa chini ya kitanda cha mama yako, milango imefungwa kwa siku saba. Najua. Nani aliyelitia mkaa usiku, najua pia.

Mama yako anasema mtoto avae soksi mbili, juu kule kuna baridi hata kama bondeni ni joto.

Hapa karafuu ziko majamvini na vuli imeanza kututisha. Tunaanika, tunakunja, tunaanika. Pesa ya mabati imefika. Nimenunua kumi, iliyobaki nimewalipa wachumaji. Mama yako hajaulizwa, kwa hiyo ukizungumza naye zungumza habari nyengine. Chumba chako kinavuja upande wa dirishani tu, kitanda nimekisogeza.

Picha za bonde zitasubiri. Kwanza nipigie ya nyuma ya kengele, pale penye tarehe, nisome mwenyewe.

Baba yako