Tusiuziwe kadi za grafiki kwa hesabu ya GB peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia uliwashauri vijana wanaotaka kuongezea kompyuta zao nguvu ya kuchezea gemu wachague kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye kioo, yenye GB nyingi (yaani memori kubwa) kadiri mfuko unavyoruhusu. Ushauri huohuo, nikipewa na muuzaji dukani, ndio ulionipotezea shilingi 180,000 mwaka jana. Nimeumia kuuona umechapwa gazetini, kwa sababu la muuzaji mtu hulitilia shaka, lakini la gazeti hulibeba kama lilivyo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Tanga. Kijana wangu wa pili alipomaliza kidato cha sita alikaa miezi mitano kwenye duka la steshenari, akichapa barua za watu na kutoa kopi, ili apate fedha za kuiwezesha kompyuta yake kucheza gemu ya mpira bila picha kukwamakwama. Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, ya aina zinazoletwa na makontena baada ya ofisi za Ulaya kuziacha. Prosesa yake ni Core i5-3470 ya mwaka 2012, na RAM ni GB 8. Ni mashine imara, na kwa kazi za shule haijawahi kunisumbua. Lakini pawa saplai yake, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya wati 275, na ndani haina hata waya mmoja wa kulisha kadi ya grafiki. Hilo hatukulijua siku tuliyopanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kadi.

Muuzaji wa kwanza tuliyemwingilia alitusikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, kadi ni GB. Hii hapa GTX 1050 Ti, GB 4." Nikamwambia monita yetu ni ya zamani, ina tundu la VGA tu, lile la zamani la kuunganishia monita. Akaigeuza kadi akatuonyesha tundu la buluu, akasema hatutahitaji hata kununua kibadilishi. Kijana akafurahi, nami nikafurahi kwa ajili yake. Kadi ilidai plagi ya pini 6, na kwa kuwa mashine yetu haina plagi hiyo, fundi wa hapohapo dukani alituuzia adapta inayochukua umeme kwenye waya wa SATA, ule uliotengenezwa kwa ajili ya diski. Risiti ikaandikwa "VGA kadi 4GB". Basi.

Nyumbani gemu ilifunguka. Ilifika kwenye kupanga timu, mechi ikaanza, kioo kikawa cheusi. Tukazima na kuwasha, ikawa vilevile. Jioni ya tatu nilisikia harufu ya plastiki inayoungua nikachomoa waya ukutani. Tulipofungua kasha tulikuta plagi ya SATA imegeuka rangi ya kahawia. Nilikaa mezani na hesabu ninayowafundisha watoto wa watu kila mwaka, nguvu ni volti mara mkondo. Plagi ya SATA kwenye waya za volti 12 imepangiwa ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inairuhusu kadi kuvuta mpaka wati 75. Ukiunganisha ya pili kwenye ya kwanza umeiomba plagi ibebe mzigo usio wake, usiku, ndani ya chumba anamolala mtoto.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi, ndiye aliyetufumbua macho. Aliweka programu ya bure inayoitwa GPU-Z, ambayo tangu 2018 ina uwezo wa kutambua kadi zilizoghushiwa za NVIDIA, kampuni yenye majina ya GTX na RTX. Ikaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi yetu. Ndani mlikuwa na chipu ya GF116 ya mwaka 2011, yenye viini 192 vya kuchakata picha. GTX 1050 Ti halisi ni ya 2016 na ina viini 768. Memori ya kweli ilikuwa GB 1. Ile 4 ilikuwa maandishi tu yaliyobadilishwa ndani ya kadi ili kompyuta idanganyike. Ndiyo maana kioo kilikuwa kinazimika mechi ikianza. Gemu ilikuwa inaomba memori ambayo haipo.

Na lile tundu la buluu? Fundi alinieleza kuwa NVIDIA waliacha kuweka VGA kuanzia kizazi cha GTX 10, ambacho 1050 Ti ni yake. GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA ni ya kughushi, huna haja hata ya kuiwasha. Kitu kilichotuvutia kununua ndicho kilichokuwa ushahidi mikononi mwetu. Pia 1050 Ti ya kawaida haihitaji plagi ya pini 6, kwa sababu inatosheka na wati 75 za sloti ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta inapochomekwa. Kama ningekuwa nimesoma mambo haya mawili gazetini kwenu kabla ya safari ile, kijana wangu asingepoteza jasho lake.

Niliporudi dukani nilijibiwa, "Mama, si inawaka?" Chini ya risiti palikuwa pameandikwa bidhaa ikishauzwa haipokelewi.

Sasa nirudi kwenye hizo GB. Chukulieni simtank ya lita 5,000 iliyofungwa bomba la nusu inchi. Maji ni mengi, lakini ndoo haijai upesi. Memori ya kadi ni simtank, na upana wa njia pamoja na aina ya memori ndiyo bomba. Zipo GT 730 zinazouzwa zikiwa na GB 4 za DDR3, aina ya memori ya polepole. Ikiwa njia yake ni ya biti 64, inapitisha GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1650 ya GDDR5, aina ya memori yenye kasi zaidi, nayo ina GB 4, lakini inapitisha GB 128 kwa sekunde, karibu mara tisa. Na hapo bado hatujahesabu viini. Kwa ushauri wa makala yenu kadi hizi mbili ziko sawa, na mtu mwenye akili timamu atanunua ya kwanza kwa kuwa ni rahisi.

Jina nalo lisomwe mpaka herufi ya mwisho. RX 580 ya 2017 ina viini 2,304, lakini iko nyingine inayoitwa RX 580 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la China, ambayo kwa uwezo ni RX 570, kadi iliyo chini yake. RTX 3050 ya GB 8 na RTX 3050 ya GB 6 hazitofautiani memori tu. Ya GB 6 ina viini vichache na njia nyembamba zaidi. Muuzaji akikuandikia "RX 580" au "3050" peke yake, bado hajakuambia anakuuzia nini.

Baada ya tukio lile tulianza upya, safari hii tukianzia nyumbani kwenye mashine. Pawa saplai ni wati 275 na haina plagi ya kadi, kwa hiyo kadi isizidi wati 75 na isiwe na tundu la plagi. Sharti hilo peke yake lilifuta majina mengi mazuri: RTX 3060 inataka wati 170, RX 6600 wati 132, hata RTX 4060 inayosifiwa kwa kutumia umeme kidogo inataka 115. Kuna jamaa alimsihi kijana achukue RX 6500 XT kwa kuwa ni ya 2022. Mbali na wati zake 107, kadi hiyo huwasiliana na kompyuta kwa njia nne tu za PCIe, yaani njia za data za ile sloti ya mazabodi. Kwenye mashine ya kizazi cha PCIe 4.0 inajitahidi, lakini kwenye PCIe 3.0 kama yetu kasi ya njia hizo inakuwa nusu, na kwa kuwa memori yake ni GB 4 tu, inalazimika kuzipita mara kwa mara. Intel Arc B580 ina GB 12 na bei yake ilipotoka Desemba 2024 ilikuwa dola 249, ila inahitaji kipengele cha Resizable BAR, kinachoiwezesha prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, ambacho kompyuta za umri wa hii yetu hazina. Kadi mpya kabisa inaweza kuwa mzigo kwenye mashine ya zamani, na wauzaji wengi hawaulizi una mashine gani.

Halafu monita. Yetu ni ya nukta 1600 kwa 900, yaani nukta 1,440,000 ambazo kadi inazichora upya kila fremu. Ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, na ya 4K ina 8,294,400. Kijana mwenye monita kama yetu hana sababu ya kununua kadi ya mwenye 4K.

Tulibaki na mbili, RTX 3050 ya GB 6, inayotumia wati 70, na GTX 1650. Ya kwanza ni bora, ila bei tuliyotajiwa ilipita uwezo wetu. Tukachukua GTX 1650 iliyotumika kwa shilingi 320,000 kwa muuzaji mwingine, aliyekubali tuijaribu dukani kwa nusu saa huku gemu inacheza na GPU-Z iko wazi tunasoma joto. Kibadilishi cha HDMI kwenda VGA tulikinunua shilingi 15,000. Mpira sasa unachezwa bila kukwama, na wadogo zake wamepanga zamu.

Kuhusu kadi zilizotumika, wapo wanaozikimbia zote kwa kuogopa zilizochoshwa na kuchimba sarafu za mtandaoni, yaani kukokotoa hesabu za kuzipata sarafu hizo. Ni kweli kwamba Ethereum, moja ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi ziliingia sokoni. Lakini feni hubadilishwa, na pesti ya kupitishia joto hupakwa upya. Hapa kwetu pwani mimi naogopa zaidi vumbi na kutu ya chumvi kwenye kadi iliyokaa dukani wazi mwaka mzima.

Ombi langu kwenu ni kwamba mrekebishe makala ile, kwa ukubwa uleule na ukurasa uleule. Muwaambie wasomaji wadai risiti yenye jina kamili la kadi, ukubwa wa memori na aina yake, kwa sababu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Risiti yangu iliyosema "VGA kadi 4GB" haikunipa pa kushika. Waambieni pia kwamba bidhaa za kughushi zina pa kuripotiwa, Tume ya Ushindani. Mimi nililijua hilo baadaye, na sasa ninaandaa malalamiko yangu.

Kadi ile bandia ninayo, iko kabatini kwenye maabara ya shule pamoja na plagi iliyoungua. Mkitaka kuipiga picha, tundu la buluu lionekane vizuri, nitaileta mwenyewe ofisini kwenu wakati wa likizo.

Mwalimu wa fizikia na mama wa watoto watatu,
Chumbageni, Tanga