Shamba la ufuoni Kilifi: tuuze lote au tukate ukanda wa bahari?

Ndugu Mhariri,

Naandika kwa niaba ya warithi tisa wa shamba la mifugo lililo kati ya Takaungu na Kilifi. Ni ekari 312, hatimiliki moja, na upande wa mashariki linaishia kwenye jabali la matumbawe linalopigwa na bahari. Hati ya usimamizi wa mirathi imeshathibitishwa mahakamani, kwa hiyo kuuza tunaweza. Kuuza kwenyewe hakuna anayekupinga. Kinachotugawa ni namna ya kuuza, na mawakili wawili walioulizwa wametoa majibu yanayogongana. Naomba msaada wa wasomaji, hasa wanasheria, wapimaji na wathamini wanaoijua ardhi ya pwani.

Mnunuzi anataka ekari 38 tu: ukanda wa ufuoni pamoja na nyumba kongwe. Bei yake inakaribia ile tunayotajiwa na madalali kwa shamba zima, ndiyo maana wengi wa warithi wanasema tukate, tuuze, tubaki na malisho. Kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza.

Shida ya kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Ni kampuni iliyosajiliwa Kenya, asilimia 51 ya hisa ni za Mkenya na 49 ni za mgeni, yaani asiye raia wa Kenya. Madalali wanasema 51 inatosha. Haitoshi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu kampuni kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni inaifanya kuwa ya mgeni, na mgeni hapewi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Hatimiliki yetu ni ya kudumu, kwa hiyo yeye hatapokea tulicho nacho.

Halafu kuna marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016. Ardhi iliyo safu ya kwanza na ya pili ya viwanja kutoka alama ya maji kujaa ya Bahari Hindi ni ardhi inayodhibitiwa, haiendi kwa mgeni bila idhini ya Waziri. Baadhi ya warithi wanaamini tukishakata ukanda, malisho yaliyobaki yatakuwa huru. Mimi naona kinyume: ukanda ukiwa safu ya kwanza, ekari 274 zinazobaki zinakuwa safu ya pili, na kizuizi kinazifuata hukohuko.

Fundo kubwa ni Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Shamba liko nje ya manispaa na matumizi yake ni ya kilimo, kwa hiyo kuligawa, kuliuza, hata kulikodisha, kunahitaji kibali cha Bodi. (Wanaodhani kukodisha ni njia ya panya waisome sheria tena.) Kuhamisha hatimiliki kwa majina ya warithi wote tisa bila kuigawa hakuhitaji kibali, kuikata vipande kunahitaji. Maombi yawasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, la sivyo mkataba ni batili na arubuni inarudishwa. Na mnunuzi akiwa kampuni yenye mwanahisa mgeni, Bodi inatakiwa kukataa.

Hapo ndipo mawakili wanapoachana. Wa kwanza anasema tubadilishe matumizi ya zile ekari 38 kutoka kilimo hadi hoteli kabla ya kutia saini, ili Bodi isihusike tena. Wa pili anasema tutie saini sasa, tuweke sharti kwamba mauzo yanategemea mabadiliko hayo. La pili linanitisha. Kubadilisha matumizi kunadai ripoti ya mtaalamu wa mipango ya ardhi, matangazo kwa umma na muda wa pingamizi, na kama Bodi bado inahusika siku ya saini, miezi sita itakuwa inahesabika huku faili likilala kaunti.

Lakini la kwanza nalo lina bei yake. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Mtu binafsi anayeuza ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50, nje ya manispaa, ana msamaha. Ekari 38 zinaingia humo zikiwa malisho. Zikishakuwa kiwanja cha hoteli, sioni zitaingiaje. Kwa hiyo mabadiliko yaleyale yanayomfungulia mgeni mlango ndiyo yanayotutoa kwenye msamaha. Mnunuzi ambaye ni raia mtupu, hata akitoa pungufu, huenda akatuachia fedha nyingi zaidi mkononi. Hesabu hiyo hakuna wakili aliyetufanyia.

Sasa ardhi yenyewe. Kisima kikuu na josho la kuogeshea ng'ombe viko ndani ya zile 38. Tumeambiwa tuchimbe kisima kingine upande wa malisho, jambo rahisi kusema. Kwenye matumbawe haya maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 chini yake. Ukivuta mpaka usawa ushuke nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Visima viwili vitakunywa chungu kimoja, na mwenye mabwawa ya kuogelea atakuwa na pampu kubwa kuliko yetu. Ng'ombe huvumilia chumvi kuliko binadamu, ila kuna mpaka. Je, kikomo cha lita za kuvuta kwa siku kinaweza kuandikwa kwenye hati kama sharti linalomfunga kila mmiliki ajaye, au kitabaki maneno ya mkataba yatakayokufa akishauza?

Josho nalo lina lake. Majosho ya zamani yalitumia aseniki, na kila liliposafishwa uchafu ulimwagwa kwenye shimo la kando. Aseniki haiozi. Kabla hatujaahidi ardhi safi kwa mtu atakayepanda bustani hapo, udongo wa kuzunguka lile shimo unapaswa kupimwa. Gharama hiyo hubebwa na nani kwa kawaida, muuzaji au mnunuzi?

Kuhusu nyumba, ambayo ni ya mawe ya matumbawe, mhandisi wa mnunuzi amekata bei kwa madai kwamba mawe yamekufa. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa baharini, unga mweupe unakudondokea kweli. Lakini angalia unapodondoka: ni pale tu palipopigwa plasta ya saruji miaka ya karibuni. Saruji inaziba pumzi ya matumbawe, unyevu unanaswa nyuma yake, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kuubandua uso wake pamoja na plasta. Vyumba vya nyuma, ambavyo bado vina chokaa ya zamani, ni vizima. Boriti nazo nyingi zinalia kavu ukizigonga, isipokuwa ncha zilizoingia kwenye ukuta uleule wa saruji. Dawa ni kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha kurudisha chokaa iliyozimwa vizuri. Tunatafuta mthamini anayejua kutofautisha nyumba mbovu na plasta mbovu.

Mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni familia 14 zinazoishi upande wa malisho. Anayejua historia ya ule ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, hashangai: chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa ya Serikali, na wengi waliokuwa wakiilima hawakudai. Miaka 12 ya kukaa bila ruhusa ya mwenyewe inampa mtu haki ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai umiliki, na kubadilisha jina kwenye hati hakuisimamishi saa hiyo. Aliyekaa kwa ruhusa hesabu yake ni nyingine, na familia tisa kati ya hizo zimo kwenye daftari la zamani la shamba, kila mwaka na malipo yake madogo. Tano hazimo. Isitoshe, minazi 60 na ushei ndani ya ukanda wa ufuoni ilipandwa na wazee wao, nao ndio wanaoikwea hadi leo. Kwa desturi ya pwani mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mkataba wa mnunuzi unasema "pamoja na kila kilichomea juu yake", na hatuwezi kumuuzia minazi isiyo yetu.

Napendekeza zile familia tano tuzikatie eneo lao na hatimiliki kabla ya mauzo yoyote, maombi yote ya mgawanyo yaende kwa Bodi mara moja. Warithi wenzangu wanahofu tutakuwa tumezifungulia mlango na zile familia tisa. Je, makubaliano ya maandishi na familia hizo tisa, yenye kutambua ruhusa yao na minazi yao, yatatulinda au yatatumika dhidi yetu? Mnunuzi ametupa hadi mwisho wa mwezi ujao kumjibu.

Msimamizi wa mirathi,
Kilifi